Shati Lililorudi Jepesi

Tha Uthen, 21 Novemba 1993

Mjomba Phaiwan,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mama, dada yako, anakusalimu kutoka Udon. Bado amenuna kwa sababu nilifeli mtihani wa uuguzi, ndiyo maana kanileta huku nimwangalie Bibi mpaka mtihani mwingine wa Aprili. Mpunga umeshavunwa. Paka wa Bibi amezaa watoto wanne ndani ya sanduku lako la nguo, na Bibi amesema wasihamishwe.

Bibi naye anakusalimu. Hawezi tena kushuka ngazi peke yake. Daktari alikuja na kusema ni uzee, Bibi akamjibu kwamba hilo alilijua kabla daktari hajazaliwa.

Sasa usikasirike. Nimeitoa baiskeli yako chini ya nyumba. Ndiyo, ileile. Kuku walikuwa wameigeuza kitanda. Fundi amebadilisha matairi na mnyororo, akapaka grisi, na kengele bado inalia, ila imekuwa na mafua. Kila asubuhi Bibi akishakula naiendesha kandokando ya Mto. Ukungu unakuwa mzito hata ng'ambo haionekani, unasikia tu jogoo wa Laos na mtu anakohoa, na huwezi kujua kama amekohoa huku au kule. Naendesha polepole, sioni mbele wala nyuma, naona gurudumu tu. Halafu jua linatoka nyuma ya milima yao na Mto unatokea wote kwa mara moja.

Nimepita hekalu, nikapita mikwaju mitatu mikubwa, nikavuka daraja la mbao, halafu bustani za ukingoni ambako watu wanapanda nyanya na tumbaku maji yakishuka. Siku nyingine nikaenda upande wa kusini hadi gati la udongo, lile lenye ngazi zilizochongwa ukingoni. Hakuna mtu anayelitumia siku hizi.

Hayo ni utangulizi. Neno lenyewe ni hili. Bibi anasema amezaa watano, na wanne roho zao zimo humu ndani ya nyumba hata kama wenyewe wako mbali. Wewe, anasema, ulirudi siku moja na baiskeli bila roho, ukakaa siku tatu bila kusema neno, ukapanda basi. Anasema ulishtuka mahali fulani, roho ikaruka ikabaki palepale, na ndiyo maana miaka kumi na minane hulali. Wavu wa kuchotea anao, ule mdogo wenye mpini anaokamatia dagaa wa kwenye mashamba ya mpunga. Anataka twende tuichote tuirudishe kabla hajafa. Mimi nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

Kinachokosekana ni mahali. Ulianguka wapi na baiskeli hii, mjomba? Niambie tu, mengine tuachie sisi.

Mpwa wako,
Lamduan

*

Hat Yai, 11 Desemba 1993

Mpwa wangu Lamduan,

Marahaba. Barua yako imechukua siku kumi na mbili, nadhani nayo ilikuja kwa baiskeli. Mimi mzima. Mvua ya huku haina adabu, inanyesha hata ndani ya karakana. Vyerehani vya watu wote wa mtaa vimeota kutu na wote wanavitaka jana. Mwambie Mama nakula vizuri. Mwambie dada asikununie, yeye alifeli mara mbili, na hilo hukulisikia kwangu.

Nani kakuruhusu kugusa baiskeli yangu?

Silali vizuri, ni kweli, lakini nani analala? Vyerehani vinaendelea kushona kichwani mwangu hata nikizima taa. Ni kazi, si roho. Na sikuanguka popote. Nilikuwa naendesha baiskeli hiyo huku nimebeba gunia la chumvi na bata wawili, nianguke kwa nini? Mwambie Mama aache mambo ya wavu, apumzike.

Tena kama unaendesha, endesha kwa akili. Ulivyoandika siyo. Daraja la mbao linakuja kwanza, mikwaju baadaye. Na mikwaju ni miwili, wa tatu ni msufi, tazama majani. Ukishapita msufi shika breki mapema, kuna kona na mbwa wa yule mwenye tumbaku. Asubuhi ukungu ukiwa mzito usipite juu, pita njia ya chini kwenye bustani, maana hapo ukungu unaishia kiunoni na unaweza kuona vichwa vya watu wanaomwagilia. Ukisimama kimya utasikia makasia kabla hujaona mtumbwi. Yale mambo mengine siyakumbuki.

Salamu kwa paka.

Mjomba wako,
Phaiwan

*

Tha Uthen, 5 Januari 1994

Mjomba,

Shikamoo na heri ya mwaka mpya. Baridi imeingia, tunaota moto asubuhi mbele ya nyumba na Bibi anachoma wali wa kunata uliopakwa yai. Zamani alikula vidonge vitatu vya wali, sasa anakula kimoja, na hicho anakimegea paka. Nakuambia hivi kwa sababu wewe hukuuliza.

Umesema hukumbuki. Nimekwenda na barua yako mfukoni. Daraja kwanza, mikwaju miwili, msufi, mbwa. Mbwa amekufa, wajukuu wake wapo na wana tabia ileile, nimeacha kiatu. Nikapita njia ya chini kama ulivyosema, nikaona vichwa vya wanawake vikielea juu ya ukungu, vinaongea habari za bei ya nyanya. Nilisimama nikasahau nilikuwa naenda wapi. Nikasikia makasia. Mjomba, nilikaa pale mpaka jua likawa kali, na sijui muda ulikwenda wapi. Sijawahi kuwa na furaha ya namna hiyo tangu nifeli.

Kwa hiyo nakushukuru. Lakini mimi si mjinga. Umesahihisha kila kitu nilichoandika, umehesabu hata miti. Kuna mahali pamoja tu hukupagusa, gati la udongo.

Nilikwenda kumuuliza Mama Hien, yule Mvietinamu anayeuza tambi karibu na pale. Amesema kibanda chake kilikuwepo hapohapo mwaka ule mpaka na Laos ulipofungwa. Anakumbuka siku moja ya mwezi wa pili, ulikaa juu ya ngazi zile, baiskeli imelala pembeni yako, tangu asubuhi hadi alasiri. Alikupelekea bakuli la tambi hukuligusa. Nikamuuliza kama kulikuwa na kingine. Akasema ana wateja.

Bibi amefurahi sana. Anasema hapo ndipo. Tunahitaji shati lako ulilolivaa, ili roho ilijue. Yaliyo sandukuni yamelaliwa na paka, yananuka paka. Tuma moja.

Lamduan

*

Hat Yai, 24 Januari 1994

Lamduan,

Nimetuma shati. Ni la kazini, nimelivaa wiki nzima. Usilifue.

Hili halina maana kwamba nakubali.

Anakula nini kingine? Mpe supu ya samaki wa Mto, itie na majani ya mkwaju, anapenda uchachu. Sikuuliza mara ya kwanza kwa sababu nilijua utaniambia.

Phaiwan

*

Tha Uthen, 13 Februari 1994

Mjomba,

Shikamoo. Shati lilifika likiwa na mafuta ya cherehani kwapani. Bibi alilinusa akakaa nalo mapajani muda mrefu, nikaona niende nje.

Tulifanya Alhamisi asubuhi. Bibi hawezi kutembea hadi gatini, basi nikamkalisha kwenye keria ya baiskeli yako, mto wa kulalia chini yake, kamba kiunoni, nikaisukuma. Alibeba wavu kama bendera. Watu wote wa barabara ya mtoni walitoka kutazama, na yeye aliwasalimia mmoja mmoja kwa jina. Miezi mitano hajatoka nyumbani. Aliniambia nisimame tazama hiki, simama tazama kile, yule kajenga ukuta, huyu kakata mwembe. Safari ya dakika kumi ilituchukua saa nzima, na ningependa ituchukue siku.

Gatini nikaweka yai la kuchemsha, wali wa kunata na ndizi. Bibi akatandaza shati ndani ya wavu. Akaita jina lako, njoo nyumbani mwanangu, usikae majini, usikae mchangani, njoo wali umeiva. Aliita kwa sauti ambayo sikujua anayo. Mara tatu akachota hewa. Akafunga shati, akalikumbatia, tukarudi bila kugeuka nyuma.

Nyumbani akalifungua, akamenya yai tulilorudi nalo, maana likiwa kamili roho imerudi. Yai lilikuwa na tundu upande mmoja. Akalipima shati mkononi, akanitazama.

"Limerudi jepesi," akasema. "Mahali ni penyewe. Lakini haipo. Kuna mtu ameichukua kabla yetu."

Tangu siku hiyo hataki hata supu. Amegeukia ukuta.

Nimerudi kwa Mama Hien, safari hii nikanunua mabakuli mawili nikakaa hadi wateja wakaisha. Amesema maji yalikuwa yameshuka na fungu la mchanga lilikuwa limetokea katikati ya Mto. Kulikuwa na msichana juu ya fungu lile, ametokea upande wa Laos na kifurushi. Msichana alikuwa akiita jina.

Jina la nani, mjomba?

Lamduan

*

Tha Uthen, 14 Machi 1994

Mjomba,

Mwezi mzima. Najua barua imefika kwa sababu ile ya kuomba shati ilifika.

Bibi anauliza kila siku kama posta imekuja. Anakunywa maji ya mchele kwa kijiko. Sikulaumu kwa lolote lililotokea nikiwa sijazaliwa. Naomba tu useme, kwa sababu yeye anasubiri na mimi ndiye ninayemtazama akisubiri.

L.

*

Hat Yai, 27 Machi 1994

Mpwa wangu,

Nimeandika barua hii mara nne. Hii ni ya tano, na naipeleka posta kabla sijaisoma.

Anaitwa Latsami. Baba yake alilima tumbaku ukingoni ng'ambo, mkabala kabisa na gati la udongo. Nilikuwa navuka kila siku ya soko, na siku zisizo za soko pia. Miaka miwili. Mama alijua kuna mtu, hakujua ni nani.

Baada ya mpaka kufungwa tulipelekeana habari kupitia watu, kidogo kidogo. Tulipanga siku. Yeye angetembea kwenye maji mafupi ya upande wao hadi fungu la mchanga, mimi ningepiga kasia kutoka gatini nimchukue. Si mbali. Kwa kasia zuri ni kama muda wa kuvuta sigara mbili. Nilifika alfajiri. Mtumbwi ulikuwepo, kasia lilikuwa mapajani mwangu. Mama Hien hakukuambia hilo la kasia, ni mtu mwema.

Wiki hiyo askari wa ng'ambo walikuwa wameupiga mtumbwi mmoja risasi kule juu. Nilimjua mwenye mtumbwi.

Ukungu ulipoondoka nikamwona. Alikuwa amesimama, kifurushi kichwani, sketi imelowa hadi magotini. Akaniona. Akaita. Nikajiambia nahesabu hadi ishirini, kisha nakwenda. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Ng'ambo hakukuwa na askari hata mmoja, Lamduan, nilitazama ukingo wote, mtupu. Aliita jina langu tangu saa tatu mpaka jua lilipopinda, sauti ikamkauka, ikawa kama ya mtu anayeita kuku. Na mimi sikuinuka. Kisha akageuka akarudi alikotoka, polepole, akipapasa maji kwa mguu.

Sikuanguka, nilikwambia kweli. Nilikaa tu.

Nilikuwa mwoga na naona haya. Siwezi kulala kwa sababu nikifumba macho naitwa. Siyo vyerehani.

Sasa unajua mahali. Mwambie Mama, mimi siwezi. Na kama unafikiri roho yangu iko juu ya fungu lile, iache. Mimi sistahili kuchotewa.

Phaiwan

*

Tha Uthen, 5 Aprili 1994

Mjomba,

Shikamoo. Nakaa kitako nikuandikie vizuri, kwa hiyo na wewe kaa.

Nilimsomea Bibi barua yako yote. Alisikiliza akiwa amegeukia ukuta. Nilipomaliza akageuka huku, akasema, "Basi tumechota upande sio." Halafu akaomba supu. Nakuapia. Alikunywa nusu bakuli na akalalamika chumvi.

Mimi nilifikiri tuende kwenye fungu. Limetokea tena mwaka huu, refu, jeupe, ndege wamejaa. Lakini Bibi akasema roho haikai mchangani miaka kumi na minane, kila masika Mto unalifunika. Siku hizi tunaruhusiwa kuvuka ng'ambo siku za soko. Nenda kamwulize Latsami mwenyewe, akasema.

Basi jana Jumatatu nikapakia baiskeli yako kwenye mtumbwi wa soko, na wavu, na shati. Askari wa gatini akauliza wavu wa nini. Nikamwambia wa kuvulia. Akauliza sokoni unavua nini. Nikamwambia mjomba wangu. Akanipigia muhuri.

Mjomba, kule barabara ni ya vumbi jekundu na hakuna gari. Unaendesha, unasikia pumzi zako. Nilitazama huku kwetu nikaona hekalu dogo na nyumba ya Bibi kama kiberiti, na nikaona ajabu kwamba mimi huwa naishi pale. Njia nzima harufu ya majani ya tumbaku yanayokaushwa. Niliuliza jina mara mbili tu.

Latsami ana miaka arobaini na kitu, mnene kidogo, mikono imepakaa utomvu wa tumbaku. Mjane, watoto watatu wakubwa. Nilimwambia mimi ni nani. Aliendelea kutunga majani kwenye kamba, akatunga kama kumi hivi.

"Bado ana lile shati jeupe?" akauliza.

Nilimweleza kila kitu, wavu, yai, Bibi. Nikamwambia hulali. Nilidhani atanifukuza au atalia. Akanimiminia maji. Akasema alikukasirikia mwaka mmoja mzima, kukukasirikia kwelikweli, mpaka tumbaku ikaungua kwa sababu hakuwa akiitazama. Mwaka wa pili akaona hana nafasi ya hasira na shamba kwa pamoja. Nikamuuliza kama basi anajua iko wapi. Nayaandika aliyoyasema kama alivyoyasema:

"Binti, mtu ukimwita jina mchana kutwa juu ya maji, kitu lazima kije. Mwenyewe hakuja. Ilikuja hiyo nyingine. Nilipogeuka kurudi niliisikia nyuma yangu inakanyaga maji. Ningeiacha pale mchangani? Nilikwenda nayo nyumbani."

Kwenye kona ya baraza lake kuna kikapu kidogo cha wali. Kila asubuhi anaweka tonge moja. Marehemu mumewe aliwahi kumuuliza tonge hilo la nani, akamjibu ni la mtu aliyechelewa. Mume alikuwa mtu mpole, hakuuliza tena.

Nikaukunjua wavu. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Miaka yote hii nimlishe, halafu nimkabidhi mtoto mwenye zana za kuvulia dagaa? Aje mwenyewe."

Hivyo ndivyo ilivyo. Bibi anasema ana haki. Mimi naondoka Jumamosi kwenda Udon kwa mtihani, Mama anakuja kunipokea zamu ya Bibi. Baiskeli iko chini ya nyumba, imejazwa upepo. Siku za soko ni Jumatatu na Alhamisi.

Bibi anakunywa supu. Lakini mjomba, mkono wake ukiushika mbele ya taa unaona mwanga unapita.

Lamduan

*

Tha Uthen, 20 Aprili 1994

Mpwa wangu Lamduan,

Natumaini barua hii itakukuta kabla ya mtihani, na usipoimaliza siyo neno, kasome vitabu vyako kwanza. Mama yako anasema ukifeli safari hii atakuoza. Nimemkumbusha ya kwake, amenirushia upawa.

Nilifika Jumapili kwa basi, siku tatu njiani na watu wote bado wamelowa maji ya kumwagiana ya mwaka mpya wetu wa Aprili. Nilishuka pale sokoni nikasimama. Sikujua miguu inataka kwenda wapi. Basi nikaenda kwanza chini ya nyumba, nikachukua baiskeli kabla ya kupanda ngazi, kama mwizi. Nikaiendesha hadi daraja, mikwaju, msufi. Mkwaju mmoja umekatwa, hukuniambia. Njia ya chini imeliwa na Mto, wamechonga nyingine. Kila kitu kimesogea kidogo kushoto. Niliendesha nikiwa nasikia kengele yangu kana kwamba inapigwa na mtu mwingine aliye mbele yangu, mdogo kuliko mimi, na mimi namfuata nisimfikie. Nilirudi nyumbani nimetulia. Mama alikuwa juu ya ngazi. Aliniambia nimechelewa chakula.

Jumatatu nikavuka. Sitakuficha, katikati ya Mto tulipita karibu na fungu lile na nikafumba macho, na hakuna aliyeniita.

Latsami alikuwa barazani. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Hat Yai, kilomita zote zile. Yaliyotoka ni haya.

"Nilikuona siku ile," nikamwambia.

"Najua uliniona. Na mimi nilikuona. Ulikuwa na kasia."

"Niliogopa."

"Na mimi niliogopa, Phaiwan. Unadhani nilikuwa napiga kelele kwa ajili gani?"

Nililia. Mwanaume wa miaka arobaini na sita, mbele ya watoto wake wakubwa na majani ya tumbaku. Nilimwomba radhi, na yeye hakusema si kitu. Alisema, "Nimesikia." Nadhani hilo ni kubwa kuliko si kitu. Halafu akaniketisha akanilisha. Lile tonge la kikapuni siku hiyo alinipa mimi mkononi, nikalila. Akachukua uzi mweupe wa kufungia roho akanifunga kifundo cha mkono wa kulia, akataja jina langu mara moja tu, kwa sauti ya chini, kama unavyomwita mtu aliye karibu. Akaniambia niondoke nayo sasa, amechoka kumpikia mtu asiyesema asante. Nikasema asante. Akarudi kwenye kazi yake.

Nilirudi na mtumbwi wa saa nane. Sikuhisi kitu chochote cha ajabu, nataka ulijue hilo. Nilihisi usingizi.

Mama alitaka kuuona mkono. Alikuwa ameandaa uzi wake mwenyewe, ameusokota tangu Februari. Akalipapasa fundo la Latsami kwa vidole vile unavyovijua, akalikagua pande zote. Kisha akaurudisha uzi wake mfukoni, akasema fundo hili limekaza, halina haja ya la pili. Nikajinyoosha sakafuni, palepale miguuni pake, nijinyooshe tu kidogo.

Nimeamka jana saa sita mchana. Dada ndiye aliyenisimulia. Kumbe kulipokucha Mama alitaka abebwe hadi kizingitini, akapewa fimbo. Huyo ambaye hawezi kushuka ngazi alikaa mlangoni asubuhi nzima, akamfukuza muuza barafu na kengele yake, akawafukuza majirani waliokuja kuniona, akampiga jogoo. Hata watawa walipopita kupokea chakula aliwaonyesha kidole mdomoni. Hakuna aliyeruhusiwa kukohoa.

Nilipofungua macho nikauona mgongo wake kwenye mwanga wa mlango, mdogo, umenyooka. Nikamuuliza kama hajachoka.

"Nimechoka miaka kumi na minane," akasema. "Leo sijachoka."

Jioni alikula vidonge viwili vya wali na samaki, na paka hakupewa kitu. Njoo ukimaliza mtihani. Mimi nipo.

Mjomba wako,
Phaiwan